Seva ya gemu lililozimwa: malalamiko tunayoyapata na namna ya kuyatibu

Mwongozo huu umetokana na meseji za wachezaji. Tuna seva ndogo hapa Dodoma, imekaa sebuleni Nkuhungu juu ya meza iliyokuwa ya cherehani, na inaendesha gemu la mtandaoni ambalo wenyewe walishalizima. Jina la gemu silitaji, na sababu utaiona mwishoni. Kila jioni simu inaita kwa maneno yaleyale: imegoma, imeganda, nimepoteza upanga. Nimeyapanga kwa dalili. Chini ya kila dalili, kisababishi cha kwanza ni kile tunachokikuta mara nyingi zaidi.

Elewa kwanza kilichokufa ni nini. Kampuni ikizima gemu, programu iliyo kwenye kompyuta yako haiguswi. Ramani zipo, picha zipo, sauti zipo. Kilichoondoka ni aliyekuwa akijibu upande wa pili. Sisi tunamtengeneza mjibuji mpya bila kumwona yule wa zamani, kwa kusikiliza tu maswali anayoulizwa. Kwa hiyo kila tatizo huanza na swali moja: mazungumzo yamekatikia wapi? Kabla ya kufunguka, kwenye kuingia, wakati wa kupakia, au mtu akiwa tayari ndani? Kisha badilisha kitu kimoja, jaribu, andika. Ukibadilisha vitano usiku mmoja na gemu likapona, hutajua dawa ilikuwa ipi.

"Nikibofya, haifunguki"

Hapa seva haihusiki hata kidogo, ingawa lawama zote huja kwake.

Mara nyingi antivairasi imelificha faili kuu la gemu. Mafaili yaliyorekebishwa ili yaelekee seva mpya hushukiwa haraka. Angalia kwenye orodha ya vilivyotengwa kabla ya kupakua upya, maana bando ni lako.

Ukiona ujumbe kwamba `d3dx9_43.dll` haipo, kompyuta inakosa vipande vya zamani vya DirectX 9 (programu za Microsoft za kuchora picha za gemu), ambavyo haviji na Windows za sasa. Chukua kifurushi cha Juni 2010 kutoka Microsoft wenyewe. Tovuti zinazogawa faili moja moja la dll zikwepe. Tumeshasafisha kompyuta mbili za watu waliopita huko.

Sababu ya tatu ni folda. Magemu ya zamani huandika mipangilio ndani ya folda lake lenyewe, na Windows hairuhusu hilo ndani ya Program Files. Lihamishie `C:\Gemu`, basi.

Kama gemu lako lilikuwa linachezwa ndani ya kivinjari kwa Flash, hiyo ni kesi nyingine. Adobe waliacha kuihudumia Flash tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 ikawa inakataa kuonyesha chochote. Ruffle, programu inayoiga Flash, inasaidia, hasa kwa kazi zilizoandikwa kwa ActionScript 2, lugha ya zamani ya Flash. Za ActionScript 3 zijaribu moja moja, usiahidi watu.

"Inasema seva haipatikani"

Anza kwa mchezaji, malizia kwa ruta.

Kisababishi namba moja kinachekesha. Mchezaji ameambiwa aongeze mstari kwenye faili la `hosts` (orodha ya kompyuta ya majina na anwani zake) ili jina la seva ya zamani lielekee kwetu. Amelifungua kwa Notepad, ameandika vizuri, na Notepad imelihifadhi kama `hosts.txt`. Windows hailisomi hilo. Mwambie aonyeshe viambishi vya majina ya mafaili (kama hiyo .txt) kisha akupigie picha ya folda nzima. Picha ya yaliyoandikwa ndani haitoshi.

Pili, kizuizi cha Windows, kile kinachouliza ruhusa mara ya kwanza programu inapogusa mtandao. Mtu akibofya "hapana" kwa haraka siku ya kwanza, hatakumbuka kamwe. Kwa seva zinazotumia TCP (njia ya kutuma data inayohakikisha imefika), jaribu kwenye PowerShell ya kompyuta ya pili: `Test-NetConnection` ikifuatwa na anwani, kisha `-Port` na namba. Ikijibu kweli (True), poti, yaani mlango wa mtandao wa seva, iko wazi na shida iko mbele zaidi.

Tatu, ndugu wa nyumba moja. Watu wa Ipagala na Kisasa wanaingia, lakini mdogo wako chumba cha pili anagoma. Ruta nyingi za nyumbani haziwezi kumtoa mtu nje na kumrudisha ndani kwa anwani ileile ya nje. Mpe anwani ya ndani, ile ya 192.168, kwenye `hosts` yake.

Nne ndiyo inayowavunja moyo wanaotumia intaneti ya laini ya simu. Fungua ruta, soma anwani iliyopewa upande wa nje. Ikianza na 10, au ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, basi uko nyuma ya anwani inayotumiwa na wateja wengi kwa pamoja, na kufungua poti kwenye ruta yako ni sawa na kufungua mlango wa chumbani wakati geti la nje limefungwa na funguo hazipo kwako. Usipoteze wikendi hapo. Kodi seva mahali penye anwani yake, au waunganishe wachezaji kwa WireGuard au ZeroTier, programu zinazounda mtandao wa faragha kati yenu.

"Paswedi imekubali, kisha inaganda ikipakia"

Magemu mengi ya aina hii yana seva mbili. Ya kwanza hupokea nywila, kisha humwambia mchezaji, "dunia iko anwani fulani, nenda." Kama kwenye hifadhidata anwani hiyo imebaki 127.0.0.1, umemwambia kila mtu aende kwake mwenyewe. Kwako itafanya kazi kwa sababu wewe ndiye uliyekaa kwenye seva. Kwa wengine wote itaganda. Kila anayeanzisha seva mpya hupitia hapa, na kila mmoja huapa kwamba "kwangu inafanya kazi."

Kama anwani ni sahihi, pima ukubwa wa pakiti, vile vifurushi vya data vinavyosafiri mtandaoni. Kuingia ni mazungumzo madogo madogo, kupakia dunia ni mzigo. Njia ikiwa inapitisha vidogo na kuangusha vikubwa kimyakimya, dalili yake ni hii hasa, na huwapata baadhi ya watu tu. Kutoka Windows andika `ping -f -l 1472` na anwani ya seva. Ikikataa, shuka: 1450, 1420, 1400. Itakapoanza kujibu, ongeza 28 kwenye hiyo namba, upate MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya kuweka kwenye seva.

Mwisho angalia toleo. Namba za ujumbe hubadilika toleo hadi toleo, hivyo ujumbe uliokuwa "ingia duniani" kwenye toleo moja unaweza kuwa "futa mzigo" kwenye jingine. Wape wachezaji wote faili lilelile na uwape alama ya kulihakiki.

"Nimeingia, lakini dunia imekufa"

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo, na hapa ndipo vikundi vingi huachana.

Dalili: nyumba zipo, miti ipo, mbuzi hakuna. Au mbuzi yupo lakini hasogei. Au anasogea akipita katikati ya kuta.

Kagua la rahisi kwanza. Je, jedwali la viumbe lina mistari yoyote kwa ramani hiyo? Mara nyingi mtu amepakia hifadhidata nusu, mtandao ukakatika, na hakuna aliyesoma ujumbe wa mwisho. Kama mistari ipo na viumbe hawasogei, angalia kwenye logi (kumbukumbu za seva) kama skripti zao zimesomwa wakati seva inawaka. Wakipita kwenye kuta au kuzama ardhini, bado hujatoa kwenye programu ya mchezaji data ya vimo na vizuizi vya ramani. Seva haioni ukuta, inaona namba tu.

Viumbe wakiwa na tabia za ajabu, shuku mpangilio wa baiti, vile vipande vidogo vinavyounda kila namba. Kuku wetu wa kwanza alipaswa kuwa na uhai 100. Alitokea kijijini akiwa na 1,677,721,600. Watu sita wakiwa na mapanga walimpiga kwa dakika arobaini, yeye anadonoa tu. Tulibaki tukicheka hadi dogo mmoja, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), alipoiandika ile namba kwa mfumo wa kumi na sita: 64 00 00 00. Mia moja ni 64. Tulikuwa tunaipeleka namba ikiwa imegeuzwa, kichwa nyuma. Ukikutana na namba kubwa isiyo na maana, usiikisie, igeuze baiti zake uone inasema nini. Moja ikigeuzwa huwa 16,777,216; hiyo utaizoea.

Baada ya hayo unabaki na pengo ambalo hakuna marekebisho yatakayoliziba. Mahali mnyama alipokuwa anasimama, nafasi ya yeye kuangusha ngao, hatua za kila kazi, kanuni ya kupunguza uhai: vyote vilikaa kwenye seva ya kampuni na viliondoka nayo. Walionasa pakiti kwa Wireshark, programu ya kurekodi data inayopita mtandaoni, gemu likiwa hai wameacha dhahabu. Asiyekuwa nayo huhesabu kwenye video za zamani, fremu kwa fremu, namba zikiruka juu ya vichwa vya majoka. Ushauri wangu: kila thamani uliyoikisia, iweke alama kwamba ni ya kukisia. Sisi hatukuweka. Miezi minane baadaye tulikuwa tunagombana kama ngao ya shaba "kweli" ilikuwa adimu, na aliyekuwa amebuni adimu hiyo alikuwa mmoja wetu, amesahau.

Kama gemu lenu bado liko hai lakini limetangaziwa tarehe ya kuzimwa, acha kusoma, nenda kanase pakiti leo, za akaunti yako mwenyewe.

"Jina letu limeharibika" na "seva imeanguka tulipounda kundi"

Miongozo ya wenzetu wa nje hulipitia hili kwa mstari mmoja. Kwetu linastahili ukurasa, kwa sababu ya ng'.

Vijana wa Chang'ombe waliunda kundi, wakaliita Wana Chang'ombe. Seva ikaanguka. Wakaunda tena, ikaanguka tena. Ndani ya logi amri ya kuhifadhi ilisomeka `jina='Wana Chang'ombe'`. Hifadhidata iliona alama ya kwanza, ikasoma "Wana Chang", ikaona alama ya pili na kudhani jina limeisha. Kisha ikakutana na "ombe", amri isiyoijua.

Tiba ya kizembe ni kukataza alama hiyo kwenye majina. Usifanye hivyo. Utawakataza watu jina la mtaa wao, na tundu litabaki palepale: asiye mwema anaweza kuandika amri kamili ndani ya jina na hifadhidata ikaitii. Tiba halisi ni kutumia amri zilizoandaliwa mapema, ambazo jina hupelekwa kando kama thamani tupu. Tafuta kila mahali msimbo unapounganisha maneno ya mchezaji na amri. Sisi tulipata sehemu kumi na saba.

Tuliporekebisha, siku ya tatu kundi likaonekana hivi: Changâ€™ombe. Safari hii walijisajili kwa simu, na kibodi ya simu huweka alama iliyopinda badala ya ile iliyonyooka. Iliyonyooka ni baiti moja. Iliyopinda, kwa UTF-8 (mfumo wa sasa wa kuhifadhi herufi), ni tatu. Jedwali lilikuwa limewekwa kwa latin1, mfumo wa zamani wa baiti moja kwa kila herufi. Weka utf8mb4, yaani UTF-8 kamili, kwenye jedwali na kwenye muunganisho pia, maana ukibadilisha kimoja tu utapata uharibifu wa aina mpya. Chukua nakala kabla. Ukilibadilisha jedwali mara mbili, majina hayarudi.

Bado. Programu ya mchezaji ilitenga baiti 16 kwa jina, pamoja na ile ya kufungia. "Wana Chang'ombe" kwa alama iliyonyooka ni herufi 15, na ya kufungia 16. Linaenea kama kiatu cha dukani. Kwa alama iliyopinda ni 18, na kila aliyelikaribia kundi lile gemu lake lilizima. Sasa seva inanyoosha alama kabla ya kuhifadhi, na inahesabu baiti, haihesabu herufi.

"Inaruka-ruka, napigwa kabla sijaona"

Uliza: ni mmoja, au ni wote? Akiwa mmoja, ni waya wake, wifi yake au bando lake. Funga shauri.

Wakiwa wote, uliza saa ngapi. Kwetu ilikuwa kati ya saa 7 mchana na saa 10 jioni, Oktoba yote. Tulisoma msimbo wiki nzima. Kisha mtu akagusa kasha la kompyuta, akavuta mkono. Kwenye feni kulikuwa na blanketi la vumbi jekundu. Upepo wa kiangazi cha Dodoma hauulizi dirisha limefungwa au la. Kichakato kikizidi joto hujipunguza kasi chenyewe. Zima, chomoa, safisha kwa brashi laini, zuia feni isizunguke unapopuliza. Kasha la umeme la kompyuta, lile lenye feni yake nyuma, usilifungue: linahifadhi umeme hata likiwa limechomolewa. Na kama kasha linakutetemesha ukiligusa, hilo ni suala la fundi umeme na waya wa ardhi, hata kama gemu linaendelea kucheza.

Wakiwa wote, saa zote, na kuchelewa kuko kati ya milisekunde 40 na 200 bila kubadilika, angalia kama msimbo umewasha TCP_NODELAY. Bila hiyo mfumo husubiri ukusanye vipande vidogo kabla ya kutuma, kama daladala inayosubiri ijae.

Umbali uwe wa mwisho kushukiwa. Seva ya kukodi Ulaya mara nyingi iko zaidi ya kilomita 6,000 kutoka hapa kwa mstari ulionyooka, na mwanga ndani ya nyaya husafiri karibu kilomita 200,000 kwa sekunde. Kwenda na kurudi ni milisekunde 60 hata ungekuwa na waya wa kwako peke yako, na nyaya halisi huzunguka kwa baharini. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, hakuna mpangilio wa seva ungesaidia. Waambie ukweli, wakacheze karata.

"Umeme ulikatika, mzigo wangu haupo"

Angalia aina ya majedwali. Seva za zamani huja na MyISAM, ambayo huumia umeme ukikatika katikati ya kuandika. `mysqlcheck` huweza kuitengeneza. Kisha hamia InnoDB, inayojirudisha yenyewe mara nyingi. Halafu punguza muda wa kuhifadhi: kama seva huandika kila dakika 15, watu watapoteza dakika 15. Laptopi kuukuu yenye betri nzima ni seva nzuri kuliko kompyuta ya mnara isiyo na UPS (betri ya akiba).

InnoDB ikikataa kuwaka, nakili folda lote la data kwanza, pembeni. Ndipo ujaribu mpangilio wa `innodb_force_recovery` kwa 1, kisha 2, kisha 3. Simama hapo. Kuanzia 4 unaweza kuharibu data moja kwa moja. Na diski ikitoa mlio wa tik-tik, izime usiiwashe tena hata "mara moja tu". Mpelekee mtu wa kuokoa data au kubali hasara.

"Imeanguka yenyewe, hakuna aliyeigusa"

Hesabu siku tangu kompyuta iwashwe. Misimbo mingi ya zamani huhesabu milisekunde kwenye namba ya biti 32, na namba hiyo hujaa na kurudi sifuri baada ya siku 49.7. Saa za ndani huchanganyikiwa: viumbe hawafufuki, au kila mchezaji anahesabiwa amelala na kutolewa. Kwetu umeme ulituficha tatizo hili miaka miwili, hakuna siku tulifikisha 49. Tulihamia seva ya kukodi kwa muda, ikatupata ndani ya miezi miwili. Hesabu kwa biti 64. Ukishindwa, washa upya mashine kila mwezi.

"Tukio halikuanza"

Tangazo lilisema saa 2 usiku. Mwekaji akaandika 02:00. Seva ilikuwa kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo saa tatu nyuma ya yetu. Majoka yakashuka saa 11 alfajiri, hakuna mtu. Saa 2 usiku ya hapa ni 20:00, na kwa UTC ni 17:00.

Pa kusimama

Kuna dalili ambazo fundi hazimhusu.

Ukigundua mtu ameingia kwenye hifadhidata ya akaunti, zima seva kabla ya kuchunguza. Wachezaji hutumia nywila moja kwa gemu, barua pepe na mengine. Club Penguin Rewritten, seva ya mashabiki, ilivujisha akaunti takriban milioni 1.7 mwaka 2018 na milioni 4 mwaka 2019. Hifadhi nywila kwa bcrypt au argon2, njia za kuzificha zisisomeke, na usikusanye namba ya simu wala tarehe ya kuzaliwa usiyoihitaji. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na haisemi kwamba wanaocheza wamesamehewa.

Mtu akipendekeza muanze kuuza mapanga kwa pesa ya simu, hapo muone wakili kwanza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inalinda programu za kompyuta, na gemu kuzimwa hakumwondolei mwenyewe haki. Seva hiyohiyo ya Club Penguin Rewritten ilifungwa Aprili 2022, na polisi wa jiji la London wakakamata watu watatu. Upande mwingine, gemu la City of Heroes lilizimwa Novemba 2012, na Januari 2024 NCSoft, wenye gemu, waliwapa mashabiki wanaoendesha seva ya Homecoming leseni rasmi. Kati ya hizo mbili, hakuna mpangilio wa seva utakaokuambia uko upande gani.

Barua ya mwenye gemu ikifika, usiijibu usiku huo, na usiiweke kwenye kundi la WhatsApp ili watu waichekee. Zima seva, usifute chochote, chapisha barua, asubuhi mpelekee wakili.